Vitaa vya Aneth na Kidari cha Wakwe

Kina mama wa kanisani wameshanicheka vya kutosha, na Kwa Mrombo sokoni nikiulizia bei ya ndizi mtu anaangua kicheko kabla hajanijibu, kwa hiyo nasema mwenyewe yaishe: ndiyo, ni mimi niliyewalisha kidari cha wakwe watu waliokuwa wanatafuta baa. Naona haya mpaka leo. Lakini aibu ni yangu, na mtu akiisimulia vibaya ananiudhi zaidi.

Mjukuu wangu Aneth alikuwa anakuja kuposwa hapa kwangu Moshono, Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Kijana ni Mwarusha, anaitwa Loishiye, kwao ni magharibi ya Mlima Meru, watu wa ng'ombe na mashamba, Walutheri kama sisi, na katika ukoo wao wote nilikuwa nimemwona yeye tu. Tuliambiwa wazee wawili watatangulia, halafu bibi yake, wanamwita Koko, atafuata. Na huyo Koko ndiye mwenye neno. Akikataa, hata baba wa kijana hafungui mdomo.

Sasa Aneth (kazi yake ni mambo ya kompyuta, sielewi anafanya nini hasa ila mshahara anapata) akaniletea mti wa Krismasi wa chuma chembamba kilichozungushwa kama springi, mpana chini, mwembamba juu, na vitaa vidogo vimefungwa kufuata ule mzunguko mpaka kwenye nyota. Akanieleza kwamba kila kitaa kina akili yake, kinapokea amri kutoka kwa mwenzake aliye nyuma, na vyote vinaamriwa na kisanduku, na kisanduku kinaamriwa na simu. Nikamuuliza simu inaamriwa na nani. Alivipanga vikawa vinawaka vyeupe, vinapanda polepole kuzunguka mti, nikasema hapo sawa, hizo ni taa za watu wenye heshima zao. Akaondoka kwenda saluni, akanisihi, "Bibi, nakuomba, usiviguse."

Nikavigusa.

Mti ulikuwa barazani, nami nikawaza mgeni asiyejua njia zetu ataitambuaje nyumba, bora ukae getini. Nikachomoa, nikauburuza, waya ukawa mfupi upande ule, nikaugeuza mti na kuchomeka kwenye ncha ya pili (nani alijua waya una kichwa na mkia? waya ninaoujua mimi ni wa kuanikia nguo, ukiufunga huku au kule nguo zinakauka). Giza. Nikaurudisha kama nilivyoukuta, bado giza. Kisanduku kina kitufe, nikakibonyeza, nikakibonyeza tena, mwisho nikakikandamiza kwa hasira, vikawaka. Lakini viliwaka vyekundu, bluu, zambarau, vinakimbizana juu chini, mara vizime vyote, mara viwake vyote kwa pamoja. Kila nikibonyeza vinaongeza mbio. Kuvizima kabisa nikaogopa, Aneth angejua. Nikajisemea labda ndivyo Krismasi ya siku hizi ilivyo, na mbuzi alikuwa anaungua, nikaenda kwenye mbuzi.

Mpita njia sasa anaona nini? Geti wazi, viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa uani, makreti ya soda, moshi wa nyama, jua limezama na taa za zambarau zinacheza. Mimi sikuyaona hayo. Niliyaona baadaye.

Wakaingia wanaume wawili watu wazima, wamevaa makoti, wakaniamkia shikamoo vizuri kabisa, wakakaa. Wawili, kama nilivyoambiwa. Nikawauliza kama huko watokako ni kwema, wakasema kwema. Nikawapa mbege, pombe yetu ya ndizi. Yule mnene akauliza nyama iko tayari. Nikashangaa, maana mshenga wa kwetu huanza na habari za mvua, nikasema moyoni labda Waarusha wakija kuposa ndivyo wanavyofanya. Akauliza kama kuna mpira kwenye televisheni. Nikamwambia binti mwenyewe yuko saluni, atafika sasa hivi, akanijibu hana haraka na mtu, mradi nyama ije. Nikazidi kuchanganyikiwa, lakini mkwe humsemi.

Nikamkatia kidari. Kwetu Uchagani mbuzi amegawanywa hata kabla ya kuchinjwa, kila sehemu ina mwenyewe, na kidari siku hiyo kilikuwa cha wakwe, hata mimi niliyemlisha yule mbuzi nisingekionja. Nikakiweka mbele yao kwa mikono miwili. Wakakila chote.

Ndipo gari likasimama getini, akashuka mama mzee mrefu, kanyooka, na nyuma yake Loishiye na wazee wawili wengine, wale wa kutangulia, kumbe walimsubiri Koko njiani. Aneth naye akaingia palepale, nywele zinang'aa, na yule mnene alipomwona akampungia mkono.

"Dada, tuongezee hapa. Na bili yote iandike kwangu."

Aneth akautazama mti, akanitazama mimi. "Bibi, umevigusa."

Koko alikuwa anautazama mfupa kwenye sahani. Akaniuliza hawa ni nani. Nikamwambia ni wakwe.

"Wakwe ni sisi," akasema.

Yule mnene akasimama. Anaitwa Zakayo, anauza matairi. Walikuwa wanatoka msibani na mwenzake, wakaona taa, wakadhani pamefunguliwa sehemu mpya. Akaomba radhi mpaka koti likamlowa jasho, akageuka kuondoka.

"Kaa," Koko akamwambia. Halafu akaniuliza, kwetu kidari anakula nani. Ningeweza kudanganya. Nikasema anakula anayekuja kuposa.

"Basi amekula. Aseme."

Mmoja wa wazee wake akataka kupinga, Koko akamtazama, akarudi nyuma. Aneth alikuwa ameshika kiti kwa nguvu. Zakayo akafuta mikono kwenye suruali, akauliza kwa sauti ndogo majina ya kijana na binti, akaambiwa, akalitazama geti hata nikadhani atakimbia.

"Mama," akaniambia, "sisi tumeingia hapa bila kujua tunaingia kwa nani. Umetuheshimu kabla hujatuuliza majina. Loishiye anaomba aoe kwenye nyumba ya namna hiyo. Tupe Aneth."

Koko akakaa kwenye kiti cha plastiki, akapanga shuka lake magotini.

"Amesema yangu," akasema. "Sasa zimeni hizo taa, zinaniumiza macho."

Kitufe kile sitakigusa tena, na mgeni siku hizi namuuliza ametoka kwa nani kabla sijamwonyesha kiti. Ila Zakayo simuulizi. Huyo ni mkwe.