Kilichooza Chini ya Godoro la Harusi

Jamani, mimi bibi harusi wa juzi nimelalia uozo siku tatu!

Mume wangu, kipenzi cha roho, huzunguka nchi akitafuta mimea ya mwituni ili mahali inapoota patiwe alama kwenye ramani. Kila mmea lazima alete tawi lililokaushwa kama ushahidi.

Chumba kikaanza kunuka. Nikadhani panya amekufa.

Leo nimeinua godoro letu jipya. Uwi! Magazeti yamelowa, majani yamegeuka ute mweusi, funza wanatambaa. Nikatapika, kisha nikatupa yote chooni.

Akaingia akitabasamu. "Mpenzi, mmea wangu wa kinamasi cha Gesima umekauka?"

"Kwani godoro ni la kukaushia majani?"

"Mbao zangu za kubania mimea zilijaa. Nikajua sisi wawili tutaubana vizuri."

Tutaubana! Sisi!

Nilipomwambia uko chooni, akaketi juu ya godoro lile lile. Bila tawi lile, alama ya Gesima inafutwa kwenye ramani. Uso wake ukaniyeyusha.

Kesho tunaenda wote kuutafuta tena. Nimeshaazima gambuti.

Mlioolewa, wenu huficha nini kitandani?

Nitamshika mkono njia nzima. Lakini kwanza aunawe, kwa sabuni, nikimwangalia.