Tawi la Njia Panda

Mpishi wa kikundi chetu cha kupanda milima hutembea wa mwisho siku zote, sufuria imefungwa juu ya begi lake, mwiko umechomekwa ubavuni. Sisi kumi na wawili tuliotoka Lindi alfajiri kuvuka mlima wa Rondo tulipiga soga na picha njia nzima; yeye alisema "haya" tulipokaa, na "haya" tulipoinuka. Vidole vyake vina makovu ya moto, lakini hufungua fundo la kamba taratibu kama anayemvua mtoto shati. Kila njia panda alibaki nyuma kidogo, akavunja tawi lenye majani na kulilaza kwenye njia ambayo hatukuifuata. Ndivyo watu wa huku wanavyomwonyesha anayewafuata kwamba huko siko. Mara ya tano nilimsubiri, pale juu tunapovukia, ambapo upepo hukausha jasho ghafla.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikaona aibu, maana tangu asubuhi sikuwa nimemsalimu.

"Marahaba."

"Nyuma yako si hakuna mtu? Unamwekea nani?"

Akakung'uta viganja. "Mama Benadetha. Tulikuwa tunapika wote safari hizi. Magoti yalimsumbua, akawa anakuja nyuma."

"Leo hakuja?"

"Tulimzika kule Rasbura. Mwaka wa tatu huu."

Akainama, akalisogeza tawi vizuri lisije likapeperushwa. Akatazama chini tulikotoka, kwa muda mrefu.

"Haya," akasema, akashika njia. Mimi nilikuwa bado nimesimama.