Bi Mwanaidi Wawili

Mkasa huu nikiuhadithia huwa natazama chini, maana mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, mtu anayetegemewa kujua nani anapona na nani anakwenda zake, na siku hiyo sikujua.

Tulikuwa na Bi Mwanaidi wawili, wa Makunduchi, ambaye keshapata nafuu, na wa Uroa, ambaye alikuwa akikata roho. Daktari akanambia, "Waite watu wake waje wamuage." Nami (miguu yawaka moto, tangu asubuhi sijakaa) nikaona uvivu kwenda mpaka kwenye mabenchi, nikatoa kichwa tu mlangoni, nikaita, "Watu wa Bi Mwanaidi!"

"Naam!" wakaitika watu sita, wa Makunduchi hao, na mimi sikuuliza jina la baba wala kijiji, nikawaambia hali imefika mwisho. Basi pakawa kilio! Mmoja keshapiga simu shamba, kijijini kwao, mwengine, mama mtu mzima, kaanguka kazimia, mimi nampepea kwa faili, na Salma, binti pekee wa yule wa Uroa, ndiyo kwanza anarudi kusali adhuhuri, akapiga magoti kando yangu akamshika yule mama kichwa, akawa anambembeleza, "Subira, mama yangu, subira."

Alipozindukana nikawaingiza wawili ndani, wakamkuta mama yao kaegemezwa mito ananyweshwa uji.

"Mnanlilia nini?" akauliza.

Mwanawe akanigeukia pale mlangoni, "Wewe muuguzi au mchawi? Huko wanachimba kaburi!" Korido nzima ikanitumbulia macho.

Nikiwa bado naomba radhi, mwenzangu akaja kuninong'oneza kuwa wa Uroa keshafariki, kamkuta tu hana uhai aliporudi kutoka kitanda chengine.

Nikamwendea Salma, nikamwambia. Akauliza, "Alikuwa na nani?"

Hakuwa na mtu. Lakini ulimi wangu, laiti ungekatika, ukasema, "Nilikuwa naye mimi, nilimshika mkono."

Salma akanitazama. "Dada, si ulikuwa hapa na mimi, tunampepea huyu mama?"

Hakupaza sauti. Bora angenizaba kofi mbele ya wote wale.

Nshakoma. Siku hizi nnakwenda mwenyewe mpaka benchini, nauliza jina la baba, la babu, na kijiji, na wenzangu wananicheka kwamba naposa. Wacha wacheke. Salma alikuwa hatua kumi tu kutoka kitanda cha mama yake.