Tawi la Mnanaa

Hapa Fesi, mji wetu wa Moroko, mtoto humsalimu baba yake kwa kumbusu mkono, wawe peke yao au mbele za watu. Kiongozi wa watalii anayeleta wageni juu ya paa la duka langu anaijua vizuri sheria hiyo. Kila asubuhi hupangusa viatu, hukohoa kidogo, kisha humpa kila mgeni tawi la mnanaa la kuziba harufu ya ngozi inayopanda kutoka kwenye mashimo ya kutia ngozi rangi. Humo chini baba yake, Mzee Alali, husimama ndani ya rangi hadi mapajani.

Jumanne moja mzee alipanda ngazi, akamnyooshea mkono wa manjano. “Umeamkaje, mwanangu?”

Mgeni mmoja akauliza, “Nani huyu?”

Kiongozi akacheka, akautia mkono ule tawi la mnanaa. “Mfanyakazi tu. Twendeni.”

Wenzake mzee wakapiga kelele kutoka chini: “Alali, leo umekuwa mtalii! Karibu Fesi, bwana mkubwa!”

Siku ya Idi kiongozi alikwenda kwao, akainama. Mzee akauingiza mkono ndani ya joho. Huu ni mwaka wa pili, na hajapewa tena mkono wa kubusu.