Mjukuu wangu alisoma vizuri sana, mpaka mwalimu alipomupa kitabu ingine

Wakuu, nawasalimia kutoka Bukavu. Naandika pole pole kwa kidole kimoja, musinicheke. Na siongezi chumvi: jirani yangu Maman Mawazo angali muzima, na ule mama akisikia uongo hanyamazi.

Ilikuwa wakati wa vita. Furaha, mutoto wa binti yangu Nabintu, alikuwa deuxième primaire, darasa la pili. Risasi zikilia, masomo inafungwa. Zikinyamaza, tunarudisha watoto.

Kila jioni Furaha alikuwa ananisomea mimi bibi yake, koko, hadisi ya mbuzi. Haraka haraka, bila kukwama! Mimi masomo niliishia kwa lango, lakini nilijisifu mu mutaa, avenue nzima.

Siku moja mwalimu wake, Maître Zihindula, ananiita.

"Maman, mukae. Furaha, soma."

Akamupa kitabu. Furaha akakohoa kama pasta, akasoma: mbuzi alikwenda shambani, mbuzi akala mahindi...

"Maman," Maître anasema, "hiki ni kitabu ya calcul, ya hesabu."

Nikajibu, "Sasa mbuzi haiwezi kuhesabiwa?"

Hakucheka. Alisema kama Furaha hajui kusoma mbele Pasaka ifike, anarudi première, darasa la kwanza, akae na mudogo wake. Furaha akaniambia njiani: "Koko, wakinirudisha, mimi siendi tena." Na ule mutoto akisema neno, amesema.

Nilimuuliza nani alimufundisha kusoma vile. Akashangaa: "Ni weye! Ku kanisa unashika kitabu ya nyimbo, unaimba."

Wakuu, korali yetu ya wamama wote tuliimba vile. Kitabu mukononi, wimbo kichwani. Kumbe mutoto aliona ndiyo kusoma kwenyewe.

Nikamupeleka kwa Madame Espérance, mwalimu wa zamani, jirani yetu. Akamusikiliza, akasema: "Huyu si mujinga. Ana kichwa kama chako, kila kitu kinaingia, njo maana macho hayafanyi kazi."

Kitabu ya mbuzi akaifungia mu kabati. Akamwaga unga wa muhogo ku lungo, akawa anaandika majina ya watu mu ule unga. Leo Zawadi, kesho Zawadi amegeuka Zaina. Furaha akisema haraka, Madame anamupiga kofi kidogo ya mukono: "Kidole kwanza, mudomo nyuma!"

Na mimi nilikaa pale, nasema nalinda unga. Herufi zikaanza kuniingia na mimi.

Sasa musikie habari ya sufuria.

Miezi ya nyuma, mapigano ilipokaribia, wamama wa avenue tulificha vyombo ku paroasi, kwa mapadri. Madame Espérance alikwangua kila sufuria jina chini kwa musumari, isipotee. Tulipoenda kuchukua, kila mutu alinyakua mbio mbio. Mimi sikuwa najua kusoma, nikachukua ile nilidhani ni yangu. Nyumbani niliona imekuwa nzito kidogo. Nikasema, Mungu amebariki.

Siku ya mungu moja, tumetoka kanisa, Madame Espérance na Maman Mawazo wakaja kula kwangu fufu na sambaza, zile samaki ndogo. Furaha alikuwa nje kwa mulango, anaosha sufuria. Akaigeuza. Nikaona kidole kinatembea.

"Ma... man..."

Mimi: "Furaha, leta maji!"

"Ma... wa..."

"Furaha, maji!"

"...zo! Koko! Hii sufuria ni ya Maman Mawazo!"

Tonge ikabaki hewani. Maman Mawazo akanitazama: "Kumbe! Miezi yote hii nakuja kula mu sufuria yangu, tena nasema aksanti!"

Lakini Madame Espérance alishasimama, anapiga makofi. "Hakuna mutu alimwambia ile! Ameisoma! Amesoma!"

Nikacheka na kulia pamoja. Maman Mawazo naye akacheka, lakini sufuria alienda nayo.

Maître akamupa tena kitabu ya calcul. Furaha alisoma pole pole kama konokono, kidole kwanza. Mbuzi hakutokea. Akabaki deuxième, hakurudishwa.

Kwa hiyo, wazazi, mutoto akiwasomea haraka sana, mumupe ukurasa hajawahi kuona. Na akikwama, musimuite mujinga. Mumutafutie mutu wa kukaa naye.

Mwenye mutoto kama Furaha, aandike hapa chini alifanya nini.

Na kama uliishi avenue yetu wakati ule, tafadhali geuza sufuria zako. Yangu imeandikwa Maman Nabintu. Mpaka leo sijaiona.