Dani na mwezi wa Atieno

Shujaa wangu anapaa angani, lakini leo ameangushwa na nyanya wa miaka themanini!

Nyanya mwenyewe ni Dani, aliyemzaa baba yangu.

Nilimpelekea nakala ya kwanza ya kitabu changu cha katuni, hapo Rongo. Hadithi saba za mashujaa, zote za Homa Bay ya miaka ya sitini, ila si ile iliyokuwepo. Kwangu wanawake ndio manahodha, na shujaa wangu Atieno huruka juu ya ziwa akivuta wavu kwa mkono mmoja.

Dani akavaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza.

Akacheka. Tena kwa sauti!

"Nyakwara, mjukuu wangu, hawa wanavua omena na mwezi mkubwa hivi?"

Wueh.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, hufuata taa gizani. Mwezi ukiwaka, wavuvi hulala. Na mimi, niliyezaliwa kando ya ziwa, nimechora mwezi kama sinia.

Nikajitetea. "Dani, hii ni dunia nyingine."

"Dunia ni nyingine. Omena ni ile ile."



Akasoma mpaka mwisho, polepole. Miaka hiyo ya sitini yeye alikuwa msichana, anaanika omena ufuoni, na hakuna aliyemruhusu kupanda mashua.

Kisha akamgusa Atieno kwa kidole.

"Huyu mpe nguvu ya kuzima mwezi. Asikose kuingia ziwani hata siku moja."

Jameni, nachora upya.

Na jina la Dani linaingia kwenye jalada, juu ya langu.

Nani anabisha?