Maji ya Sabuni Ndani ya Breki

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata viatu alivyovaa dada yangu. Umeitoa gari ya babu yako nyuma ya nyumba, umeipangusa vumbi, na sasa unaniuliza uifungie breki gani, za waya kama ilivyokuja au za mafuta. Kaa kwanza. Nitakujibu, ila si haraka.

Nilipokuwa kijana, gari ile ilikuwa na breki za waya. Kila Jumamosi ilibidi nilale chini yake, nikaze waya wa gurudumu moja moja, la sivyo inavuta upande. Nilichoka nayo. Tena niliona aibu, maana wenzangu pale mtaani Bigo walikanyaga kidogo tu na gari zao zikasimama. Nikamwendea Muzee Gabrieli, fundi aliyezeekea chini ya magari, nikamwomba anifungie za mafuta.

Akazifunga. "Hii iko muzuri kupita ile," akaniambia. "Lakini mafuta yake inatokaka mbali. Ikiisha, weye usiweke kitu ingine. Simamisha gari, ungojee."

Nikacheka moyoni. Wazee na maneno yao! Ndivyo nilivyokuwa, mjuaji.

Haikupita miezi mingi, mafuta yakapungua. Mvua ilikuwa imekata barabara na Bunia nzima hayakuwepo. Madereva wa malori wakanionyesha njia yao: maji ya sabuni. Nikajaza. Mjini breki zikashika kama kawaida, nami nikajiona fundi.

Kisha Yaya Furaha, dada yangu mkubwa aliyenilea, akaniomba nimpeleke Kasenyi kununua samaki. Kule juu, kabla hatujaanza kushuka mlima kuelekea ziwani, akanigeukia kuulizia breki.

"Freni iko?"

"Iko, Yaya."

Hakuuliza tena. Akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani. Nilikanyaga breki kona baada ya kona, zikapata moto, yale maji yakachemka, na ghafla mguu wangu ukazama hadi chini bila kukuta kitu. Kushoto kulikuwa na bonde, kulia ukuta wa mlima. Nikaigongesha gari kulia. Kulia ndiko alikokuwa amekaa yeye.

Mimi nilitoka na mchubuko kidoleni. Hata kukusimulia kunaniuma. Muzee Gabrieli alikuja matangani, akakaa karibu nami mchana kutwa, wala hakunikemea. Afadhali angenitukana.

Basi, mwanangu, za mafuta zinasimamisha gari vizuri kupita za waya, sikufichi. Ila chagua zile utakazoweza kuzitunza hapa hapa Bunia. Ukikosa kitu chake, iache gari, panda pikipiki, au tembea kwa mguu. Na aliyekaa pembeni yako akikuuliza kama breki iko, mwambie ukweli, hata ukiona haya. Mimi nilimjibu Yaya kwa neno moja, na sijapata wa kumwomba msamaha.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Na kila atakayepanda nawe, ashuke kwa miguu yake mwenyewe.